Kifungu cha 10 kina kazi sokoni Keumbu

Mama anayeshusha mikungu ya ndizi Keumbu, kando ya barabara ya Kisii kwenda Keroka, anadaiwa ada ya soko. Kiwango chake hakiamuliwi na karani anayekata risiti. Kinatoka katika sheria ya fedha inayopitishwa na Bunge la Kaunti ya Kisii, na Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge hilo liwashirikishe wananchi.

Ushirikishwaji huo ni mojawapo ya maadili ya kitaifa yaliyotajwa katika Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010, pamoja na umoja, utu, usawa, uadilifu, uwazi na uwajibikaji. Wengi huyachukua kama maneno ya hotuba za Jamhuri Dei. Wanakosea. Mwaka 2017 ilizuka kesi kuhusu kampuni ya Dubai iliyopewa kazi ya kuchapisha karatasi za kura za urais. Mahakama ya Rufani iliruhusu kazi iendelee, lakini ikatamka kwamba maadili ya Kifungu cha 10 yanatekelezeka mara moja na yanaweza kudaiwa kortini. Maana yake, hata zabuni inayovuka bahari huulizwa maswali yale yale ya ada ya ndizi. Tena hakuna awezaye kuyabadili maadili hayo bila kura ya maamuzi.

Basi anza hivi. Andika barua kwa ofisi ya kaunti, kwa Kiswahili ukipenda, uombe hesabu ya ada zilizokusanywa na matumizi yake. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 haikulazimishi kutoa sababu, na asiyejua kuandika lazima asaidiwe na ofisa. Jibu litoke ndani ya siku 21. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30.

Kuhusu vikao vya maoni, nasema bila kusita: tangazo la Kiingereza gazetini, siku mbili kabla ya kikao, halimshirikishi muuza ndizi. Dai litolewe mapema, kwa Kiswahili na Ekegusii, na libandikwe sokoni.

Siku ya kikao, nenda na hoja zako zimeandikwa nakala mbili. Moja wakabidhi maofisa wa kikao, nyingine ipigwe muhuri, urudi nayo nyumbani uihifadhi.