Kompyuta Kuukuu Inapokosa Mtandao: Elewa Makatizo Kabla ya Kulipa Fundi

Lengo la somo. Baada ya somo hili, mlaji ataweza kueleza jinsi kadi ya mtandao inavyowasiliana na kompyuta, kutambua dalili za hitilafu ya makatizo, na kudai uchunguzi unaostahili kabla ya kutoa fedha zake.

Tatizo lenyewe

Kompyuta zilizotumika huwafaa wengi: wanafunzi, wenye maduka madogo na shule zisizo na bajeti kubwa. Hata hivyo, lipo lalamiko moja linalojirudia. Mashine inawaka vizuri na taa ya kadi ya mtandao inamulika, lakini intaneti haipatikani, au hupotea kila muziki unapochezwa. Mlaji humpelekea fundi, naye hutamka kwamba bodi kuu imekufa. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia kila kifaa ni kizima, na kasoro imo katika namna vifaa hivyo vinavyoitana. Tofauti baina ya majibu hayo mawili ni bei ya kompyuta nzima.

Katizo ni nini?

Prosesa, ambayo ndiyo inayofanya kazi zote za hesabu katika kompyuta, haikai ikiitazama kadi ya mtandao. Huendelea na shughuli nyingine. Pakiti ya data inapowasili, kadi huihifadhi, kisha hutuma ishara ya umeme kupitia mstari maalumu. Ishara hiyo ndiyo tunayoiita katizo, na kila mstari una namba yake, inayojulikana kama namba ya IRQ.

Tuifananishe na hodi. Mwenye nyumba yumo ndani akifanya kazi. Mgeni anabisha hodi. Mwenye nyumba anaweka alama pale alipoishia, anamtuma kijana wake mlangoni, kijana anapokea mzigo na kumjulisha mgeni kwamba amesikika, kisha mwenye nyumba anarudi kwenye kazi yake. Kijana huyo ni draiva, yaani programu ndogo inayojua lugha ya kifaa husika. Draiva isipofika mlangoni, pakiti hazipokelewi hata kama waya ni mzima na taa inawaka.

Mlango mmoja, wageni wawili

Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na mistari 8 tu ya makatizo. Ile ya PC/AT ya mwaka 1984 iliongeza idadi ikawa mistari 15 inayotumika. Mingi tayari ilikuwa na wenyewe: namba 0 ni ya kipima muda, 1 ya kibodi, 6 ya diski laini, 8 ya saa na 14 ya diski kuu. Kadi za mtandao za zama hizo, kama vile NE2000, aghalabu zilipangwa kwa jampa kwenye namba 3 au 5. Lakini namba 3 hutumiwa na mlango wa pili wa siriali, na namba 5 ilipendwa na kadi za sauti. Katika nafasi za kadi za aina ya ISA, vifaa viwili havikuweza kutegemewa kushirikiana mstari mmoja. Ndiyo sababu muziki ukianza, mtandao hukatika.

Nafasi za PCI, zilizoanza mwaka 1992, ziliruhusu vifaa kadhaa kushirikiana mstari mmoja. Hata hivyo, ushirikiano huo una sharti. Hodi inapobishwa, kila draiva iliyo kwenye mstari huo lazima iulize kifaa chake: je, ni wewe uliyeita? Ikiwa siye, ipishe draiva nyingine. Ikiwa ndiye, imhudumie na kuinyamazisha ishara yake. Pasipokuwa na draiva inayoikubali hodi hiyo, ishara hubaki imesimama na prosesa huitwa bila kikomo. Mfumo wa Linux una kinga dhidi ya hali hii: makatizo 99,900 kati ya 100,000 yakikosa mwenyewe, mfumo huufunga mstari mzima. Hapo vifaa vyote vya mstari huo hukosa huduma, ikiwemo kadi ya mtandao isiyo na kosa lolote.

Hapa ndipo penye fundisho kuu kwa mlaji: *kifaa kilichonyamaza si lazima kiwe ndicho chenye kasoro.*

Hodi zinapozidi

Ipo hitilafu ya pili. Katika mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, pakiti ndogo kabisa zinaweza kufika takriban 148,800 kila sekunde. Ikiwa kila pakiti itabisha hodi yake, prosesa kuukuu itatumia muda wote ikienda mlangoni, na kompyuta itaonekana kuganda. Draiva zilizoandikwa vyema hukwepa jambo hili: hodi ya kwanza ikisikika, huiamuru kadi inyamaze, huchukua pakiti kwa mafungu hadi ziishe, ndipo huiruhusu kubisha tena. Kwa hiyo, kubadili draiva pekee kunaweza kuifanya mashine ile ile iwe nyepesi zaidi.

Hatua za uchunguzi

1. Hifadhi nakala ya kazi zako kabla ya kugusa chochote.
2. Jaribu waya mwingine wa mtandao. Usianze na makubwa kabla ya madogo.
3. Katika Windows, fungua Device Manager, kisha chagua mpangilio wa rasilimali kwa aina. Utaona namba za makatizo na vifaa vinavyozitumia. Alama ya njano juu ya kifaa ni onyo.
4. Katika Linux, soma faili la /proc/interrupts mara mbili, ukiwa unapakua kitu. Hesabu ya kadi ya mtandao isipoongezeka, hodi hazifiki. Ikipanda kwa maelfu mengi ilhali hakuna kazi, kuna kifaa kinachoita bila kukoma.
5. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS na uzime milango ya siriali au ya printa usiyoitumia, ili mistari yake ipate nafasi.
6. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha hamishia kadi kwenye nafasi nyingine ya PCI. Mara nyingi hatua hii huipatia mstari tofauti.
7. Sakinisha draiva iliyotolewa na mtengenezaji wa kadi au wa mfumo. Epuka programu zinazojinadi kutafuta draiva zote bure. Nyingine hubeba virusi.

Kama hatua hizi zote hazikufaulu, jaribu kadi nyingine kabla ya kukubali kwamba bodi kuu imekufa. Kadi ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kompyuta.

Haki na tahadhari zako

Unaponunua, omba mashine ijaribiwe mbele yako kwa nusu saa: pakua faili kubwa huku muziki ukicheza na printa ikiwa imeunganishwa. Jaribio la kuiwasha tu halitoshi. Dai risiti inayotaja mashine husika, na dhamana iandikwe. Unapopeleka kwa fundi, muulize ameona nini kilichomthibitishia kuwa kifaa kimekufa, na udai kurejeshewa kifaa cha zamani kilichobadilishwa.

Tunaongeza tahadhari moja. Windows XP ilikoma kupata marekebisho ya usalama mwaka 2014, na Windows 7 mwaka 2020. Mtandao ukirudi kwenye mashine yenye mifumo hiyo, usiitumie kwa shughuli za benki.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini taa ya kadi inaweza kuwaka ilhali data haipiti?
2. Eleza jinsi kadi ya mtandao nzima inavyoweza kuathiriwa na kosa la kifaa kingine.
3. Taja mambo mawili utakayomuuliza fundi kabla ya kulipia bodi kuu mpya.