Breki ya nyuma: usikimbilie kukaza nati

Pikipiki nyingi za bodaboda, Boxer na TVS zikiwemo, nyuma zina breki ya dramu: brek shuu mbili zimejificha ndani ya habu, na ukikanyaga pedeli zinatanuka na kubana dramu. Kadiri zinavyolika, pedeli inazidi kushuka. Hapo watu hushika spana na kukaza, tena hukaza kupita kiasi, kana kwamba pedeli ngumu ndiyo breki kali. Sivyo. Pedeli isiyo na nafasi huacha brek shuu zikisugua safari nzima. Habu inachemka, petroli inakwenda bure, na brek shuu zenyewe zinang'aa kama kioo mpaka hazishiki tena.

Anza na cheni. Ukivuta gurudumu nyuma ili kukaza cheni, unavuta na mkono wa breki uliopo kwenye habu, kwa hiyo breki inajikaza yenyewe bila mtu kugusa nati yake. Yamenikuta. Nilikaziwa cheni, nikalipa, nikaondoka. Kilomita chache mbele pikipiki ikawa nzito kama nimepakia magunia ya mkaa. Niliposhuka na kugusa habu, mkono ulirudi wenyewe. Kwa hiyo cheni kwanza, nati ya ekseli ikazwe kabisa na pini yake irudi, ndipo uje kwenye breki.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gia iwe huru. Bonyeza pedeli kwa mkono, siyo kwa mguu, maana mguu hauhisi. Pima inashuka kiasi gani kabla hujahisi brek shuu zimegusa. Kwa pikipiki nyingi za aina hii ni milimita 20 hadi 30, yaani upana wa kidole gumba na ziada kidogo. Kama kitabu cha pikipiki yako kinasema vingine, fuata kitabu.

Nati ya kurekebishia iko mwisho wa fimbo ya breki, kwa nyuma. Sukuma mkono wa breki mbele kidogo ili nati ipate kuzunguka kirahisi. Ukiizungusha kama mishale ya saa unapunguza nafasi, kinyume chake unaiongeza. Nenda nusu mzunguko kwa nusu mzunguko. Itazame vizuri: uso wake una mfuo unaokalia pini ya mviringo. Ikiachwa nje ya mfuo huo, utakanyaga breki mara mbili tatu, nati itateleza ikae mahali pake, na kipimo chako chote kimeharibika.

Sasa zungusha gurudumu kwa mkono na utege sikio. Mlio wa cheni utausikia tu, huo uache. Unaoutafuta ni ule wa "shwaa" mfululizo kutoka ndani ya habu. Ukiusikia, rudisha nusu mzunguko. Kisha angalia taa ya breki: iwake kabla tu breki haijaanza kushika. Ikichelewa, rekebisha nati ya swichi, lakini shikilia mwili wa swichi usizunguke, la sivyo utakata nyaya.

Kuna siku nati haitasaidia. Kanyaga breki uangalie mkono wake: ukiwa umeshalala mbele kupita pembe mraba na fimbo, au mshale wa alama ya kulika umefika mwisho, brek shuu zimekwisha. Wapo mafundi wanaong'oa mkono huo na kuurudisha jino moja nyuma ili nati "ipate nafasi". Mimi huo siuiti ufundi. Unaficha alama iliyowekwa ili ikuonye, na brek shuu zilizokwisha zinaweza kukwama zikiwa zimetanuka, gurudumu likafunga ukiwa na abiria mgongoni. Nunua mpya. Na habu ikifunguliwa, vumbi lile usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Huenda lina asbesto. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Jaribu kwanza mahali pasipo watu, bila abiria, mwendo wa taratibu. Kisha endesha kilomita mbili tatu ukitumia zaidi breki ya mbele, simama, na usogeze kiganja karibu na habu. Ikiwa ya moto, rudisha nusu mzunguko, upime tena.