KAMPUNI YA KUJENGA NYUMBA: MAMBO YA KUFAHAMU KABLA YA KUTOA SHILINGI YA KWANZA

Nyamarambe, makao ya Gucha Kusini katika Kaunti ya Kisii, ni mji mdogo unaokua. Waalimu, wauguzi, makarani wa Serikali, wenye maduka na mafundi hukaa humo kwa kupanga vyumba. Wakulima wa vilima vya jirani nao wana watoto wengi kuliko vipande vya ardhi vya kuwarithisha. Kijana aliyeajiriwa hana shamba la kutosha kujengea, wala hana fedha za kununua nyumba kwa mara moja. Ndiyo sababu hapana ajabu watu wakiambiana: "Tuungane, tufanye kampuni, tujenge nyumba tuuziane kwa bei nafuu."

Wazo hili ni jema, lakini wengi walioingia katika mambo ya namna hii wakiwa na moyo mwema walipoteza akiba ya miaka mingi, kwa kuwa walianza na matofali kabla ya kuanza na hesabu. Somo la leo laeleza jinsi kampuni ya namna hii inavyofanya kazi, na mahali ambapo aghalabu huvunjika.

KUSAIDIANA SI JAMBO GENI

Wagusii wana desturi ya risaga, yaani majirani kukusanyika kulima shamba la mmoja wao, na siku nyingine shamba la mwingine. Siku hizi vikundi vya akina mama na vya wafanya biashara hufanya vivyo hivyo kwa fedha: kila mwezi wote huchanga, na mmoja hupokea.

Wazungu nao walianza vivyo hivyo. Mwaka 1775, katika mji wa Birmingham, Uingereza, mwenye nyumba ya wageni aitwaye Richard Ketley alianzisha chama cha kujengeana nyumba. Wanachama walichanga kila mwezi, na fedha zilipotosha, mmoja wao alipata nyumba. Vyama vya namna ile vilikusudiwa kufungwa mara kila mwanachama alipokwisha kupata nyumba yake.

Na tuone sasa hesabu ya chama kama hicho. Tuseme watu 20 wa Nyamarambe wachange shilingi 5,000 kila mmoja kila mwezi. Kwa mwezi watapata shilingi 100,000, na kwa mwaka shilingi 1,200,000. Tuseme tena, kwa mfano tu, kwamba nyumba moja ndogo yagharimu fedha hizo. Basi kila mwaka nyumba moja itajengwa. Wa kwanza atangoja mwaka mmoja, lakini wa mwisho atangoja miaka 20, na katika muda huo bei ya saruji na mabati itakuwa imepanda mara nyingi. Tena, wale waliokwisha kupata nyumba waweza kuchoka kuchanga. Mchango peke yake ni msingi mzuri, lakini hautoshi kuwa nyumba nzima.

FEDHA ZA MUDA MREFU

Katikati ya karne ya 19 Waingereza walipata dawa ya shida hiyo. Vyama vyao vilianza kupokea akiba za watu wasiohitaji nyumba, vikawalipa riba, kisha vikawakopesha fedha hizo wale waliotaka kujenga. Hivyo mwenye kuhitaji nyumba hakungoja tena zamu yake. Alikopa leo, akalipa kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Lakini dawa hiyo nayo ina hatari yake. Mwenye akiba aweza kuitaka wakati wowote, hali mkopo wa nyumba hulipwa kwa miaka 15 au 20. Jambo hili lilionekana wazi Kenya karibu na mwaka 1960. Watu wenye fedha waliogopa mabadiliko yaliyokuwa yakija pamoja na uhuru, wakatoa akiba zao kwa wingi katika vyama vya kujenga nyumba, na mikopo ya nyumba ikakwama. Nyumba hazikuwa na kasoro. Kilichopungua ni fedha za kukaa muda mrefu.

Kwa hiyo mwaka 1965 Serikali ya Kenya iliungana na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, wakaunda kampuni ya kukopesha fedha za nyumba iliyoitwa Housing Finance Company of Kenya. Shirika hilo lilikuwa na fedha za kungoja miaka mingi, na Serikali ilileta nguvu na imani yake. Matunda ya umoja huo yaonekana hata leo katika mtaa wa Buruburu, Nairobi, uliojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970. Nyumba zilijengwa nyingi kwa pamoja, zikauzwa kwa watu wenye mishahara ya kawaida ya mjini, nao wakalipa kwa rehani. Mwaka 1992 hisa za kampuni hiyo ziliuzwa kwa wananchi katika Soko la Hisa la Nairobi.

Shida, hata hivyo, haijaisha. Mwisho wa mwaka 2023 Kenya nzima ilikuwa na rehani za nyumba karibu 30,000 tu katika mabenki, na wastani wa kila moja ulizidi shilingi milioni 9. Mkopo wa namna hiyo haumfai mwalimu wa shule ya msingi. Ili kupunguza shida hiyo, Kenya Mortgage Refinance Company iliandikishwa mwaka 2018, ikapewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020. Kampuni hiyo haimkopeshi mtu mmoja mmoja. Huyakopesha mabenki na vyama vya akiba na mikopo fedha za muda mrefu, ili navyo viwakopeshe wanachama wao kwa riba nafuu. Kwa hiyo swali la kwanza la watu wa Nyamarambe lisiwe, "Nani atatujengea?" Liwe, "Chama chetu cha akiba na mikopo kinaweza kutukopesha fedha za nyumba kwa miaka mingapi, na kwa riba gani?"

MIAKA NA RIBA

Hapa ndipo penye siri ya bei nafuu. Watu wengi hudhani kwamba unafuu ni bei ya nyumba tu. Kumbe mnunuzi hulipa kwa mwezi, na malipo ya mwezi hutokana na mambo matatu: kiasi cha mkopo, riba, na idadi ya miaka.

Chukua mkopo wa shilingi 1,000,000. Kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, ukilipwa kwa miaka 5, malipo ni karibu shilingi 23,270 kila mwezi. Ukilipwa kwa miaka 15 kwa riba ile ile, ni karibu shilingi 13,320. Riba ikishuka hadi asilimia 9 kwa miaka 15, ni karibu shilingi 10,140. Nyumba ni moja, mkopo ni ule ule, lakini mtu wa kwanza ahitaji kulipa zaidi ya mara mbili ya mtu wa tatu.

Kanuni nzuri ni kwamba malipo ya nyumba yasizidi theluthi moja ya pato la mwezi. Kwa kanuni hiyo, mtu wa tatu ahitaji pato la shilingi 30,000 na kidogo zaidi. Mtu wa kwanza ahitaji karibu shilingi 70,000. Na yafaa kukumbuka kwamba mkulima wa miwa au kahawa hapati fedha zake kila mwezi kama karani. Kampuni yenye busara humpangia malipo yanayofuata msimu wake wa mauzo.

KAMPUNI AU USHIRIKA?

Kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015, kampuni ya binafsi haiwezi kuwa na wanachama zaidi ya 50, wala haina ruhusa ya kuualika umma kununua hisa zake. Mamlaka katika kampuni hufuata hisa: mwenye hisa nyingi ana sauti kubwa. Katika chama cha ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Tangu mwaka 1979 Kenya imekuwa na muungano wa kitaifa wa vyama vya ushirika vya nyumba, ujulikanao kwa jina la NACHU, ambao huvisaidia vyama hivyo kwa mashauri na mikopo.

Basi yawezekana kutumia vyote viwili: ushirika wa wanachama wengi ukusanye akiba na kuchagua wanunuzi, na kampuni ndogo ya ujenzi ifanye kazi kwa mkataba. Lakini kampuni ya ujenzi isipokee akiba za watu kama benki. Kazi hiyo hutaka leseni, na asiye nayo avunja sheria.

ARDHI KWANZA

Hapana nyumba isiyosimama juu ya hati. Katika miaka ya 1960 na 1970 makampuni mengi ya kununua ardhi yaliundwa Kenya. Baadhi yao yaliwapatia watu mashamba. Mengine yaliuza hisa kupita ardhi iliyokuwapo, na wanachama wakabaki na vyeti vya karatasi bila hati.

Kwa hiyo fuateni utaratibu huu. Kwanza, tafuteni habari za kiwanja katika ofisi ya ardhi, mjue mwenyewe ni nani na kama kina deni. Pili, ikiwa ni ardhi ya kilimo, pateni kibali cha Bodi ya Ardhi. Na ikiwa ni boma la familia, mke au mume wa mwuzaji hana budi kukubali. Tatu, ombeni Serikali ya Kaunti kibali cha kubadili matumizi ya ardhi na kupitisha ramani za nyumba. Nne, hakikisheni njia, maji na mfereji wa maji machafu, maana gharama hizo zikisahauliwa ndizo zinazopandisha bei mwishoni. Baada ya hayo ndipo ujenzi uanze, kwa awamu ya nyumba chache.

FEDHA TATU ZISICHANGANYWE

Katika vitabu vya kampuni kuna fedha za namna tatu. Mtaji wa wenye hisa hununua ardhi na kulipia ramani. Wao ndio wanaokubali kupata hasara kwanza. Mkopo wa benki hujenga kuta na mapaa. Malipo ya kwanza ya mnunuzi ni amana yake. Yakae katika akaunti ya peke yake mpaka masharti ya mkataba yatimizwe. Kampuni inayojenga nyumba ya Bwana wa kwanza kwa amana ya Bibi wa pili, kisha ikamtafuta wa tatu amlipie wa pili, imekwisha kufa, ingawa mafundi wangali kazini.

Wadeni nao wana wajibu. Benki ya Nyumba ya Tanzania, iliyoanza mwaka 1973, ilifungwa mwaka 1995 ikiwa imeelemewa na mikopo isiyolipwa. Anayekataa kulipa humnyang'anya jirani anayengoja zamu yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini wanachama 20 wanaochanga bila mkopo hawawezi kupata nyumba kwa wakati mmoja?
2. Ni nini kilichovipata vyama vya kujenga nyumba Kenya karibu na mwaka 1960, na kampuni ya mwaka 1965 ilitofautianaje navyo?
3. Andika pato lako la mwezi, uligawe kwa tatu. Je, laweza kulipa mkopo wa shilingi ngapi kwa miaka 15?
4. Mtu akikuletea karatasi ya kununua nyumba ambayo haijajengwa, utamwomba akuonyeshe hati zipi kabla ya kumpa shilingi ya kwanza?