Kobe na Makazi Yake



Vijana wapendwa, mvua zikianza huku kwetu Mwadui kobe huonekana njiani na pembeni mwa malambo, na mara nyingi mtoto humwokota mmoja akampeleka nyumbani ndani ya ndoo. Nia ni nzuri, tatizo ni ile ndoo.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Kobe wa nchi kavu, yule mwenye madoa kama ya chui, si wa kutumbukizwa kwenye beseni. Maji yakiwa na kina anazama. Kobe wa malambo yeye anaishi majini, anakula vyura, wadudu na samaki wadogo, na lambo likikauka anajifukia kwenye tope akisubiri mvua. Ukiwaweka hao wawili mahali pamoja, lazima mmoja aumie. (Kasa ni wa baharini, huyo tuwaachie wenzetu wa Mafia.)

Kobe wa madoa hana joto lake mwenyewe mwilini kama sisi, hulipata nje. Ndiyo maana asubuhi anaota jua na saa sita anajificha kichakani. Anahitaji ua mpana wenye jua na kivuli, kibanda kikavu cha usiku, na sahani ya maji ya kina kifupi. Jua la moja kwa moja, si lile la dirishani, humpa vitamini D, na bila hiyo gamba hulegea hata kama anakula vizuri. Chakula chake ni nyasi na magugu. Ugali, mkate na nyama, hapana jamani! Na ukishamshika, nawa mikono kwa sabuni, kwa sababu hubeba vijidudu vya salmonela.

Kuna watu humtoboa gamba wapitishe waya wamfunge kwenye mti. Gamba si kofia. Limeungana na mbavu na uti wa mgongo, lina damu na lina mishipa ya fahamu, kwa hiyo kulitoboa ni kumtoboa yeye. Katekisimu namba 2418 inakataza kuwatesa wanyama bila sababu, na hapa sababu siioni.

Halafu kuna sheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kumiliki mnyama wa porini bila kibali ni kosa, hata awe mdogo wa kutosha kiganjani. Wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, walitokana na wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na wana eneo lao na watunzaji wao.

Sisi Wasukuma tuna makazi ya kobe yaliyo tayari: ngitili. Mradi wa HASHI, kuanzia 1986 hadi 2004, ulisaidia kurudisha ngitili nyingi mkoani Shinyanga. Nyasi zipo, vichaka vipo, kivuli kipo. Adui mkubwa humo ni moto, maana kobe hawezi kuukimbia. Kama jumuiya yenu ina ngitili, anzeni na mkanda wa kuzuia moto kabla ya kiangazi kukolea.

Na kama sasa hivi una kobe kwenye ndoo? Ukikumbuka ulipomwokota, na ni karibu, mrudishe hapo hapo jioni, ukimbeba taratibu kwa mikono miwili. Akishtuka hukojoa, na wakati wa kiangazi yale ni maji yake ya akiba. Kama humkumbuki alikotoka, nenda ofisi ya maliasili ya Wilaya ya Kishapu, wakuelekeze pa kumpeleka.