Akiba ya Hifadhidata kwa Fedha Kidogo

Wazee husema akiba haiozi. Ni kweli, lakini akiba ya kompyuta yaweza kuoza na mwenyewe asijue.

Hifadhidata ni kama daftari kubwa ndani ya kompyuta, mathalani lile la alama za wanafunzi na malipo yao. Diski ikifa au mashine ikiibwa, daftari halirudi ila kwa nakala. Kunakili kwa mkono kila siku husahauliwa upesi. Kwa hiyo yafaa kazi hiyo ikabidhiwe mashine yenyewe.

Katika kompyuta zitumiazo Linux kuna programu iitwayo cron, isiyolipiwa hata senti moja. Kazi yake ni kutazama saa na kuianza kazi wakati wake ufikapo. Huandikiwa mstari wenye nafasi tano, yaani dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya juma, kisha hufuata amri yenyewe. Mfano wa nafasi hizo ni huu:

30 2 * * *

Nyota maana yake ni "kila". Saa huhesabiwa tangu saa sita ya usiku, basi 2 ni saa nane yetu. Mstari huu waamuru: kila siku, saa nane na nusu usiku. Lakini cron hailipi deni: mashine ikiwa imezimwa wakati huo, kazi imepita. Mahali ambapo umeme huzimwa usiku, heri kuandika 16, yaani saa kumi alasiri.

Kisha nakala ipelekwe jengo jingine, ili moto mmoja usiunguze vyote viwili. Tufanye hesabu. Nakala ya gigabaiti 2 ni megabiti 16,000. Katika njia ipitishayo megabiti 2 kwa sekunde, itachukua sekunde 8,000, karibu saa 2 na dakika 13. Ikibanwa kwa programu ya gzip ikawa robo, dakika 33 zatosha. Tukiweka nakala 7 za siku, 4 za majuma na 12 za miezi, zote 23 ni gigabaiti 11.5, hutoshea katika flashi ya gigabaiti 16.

Sasa juu ya kuoza. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta hifadhidata yao kwa bahati mbaya. Walipozitafuta nakala za kila siku, hazikuwapo: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua za onyo hazikuwafikia. Iliyowaokoa ni nakala iliyochukuliwa yapata saa 6 kabla, kwa ajili ya majaribio. Ya baada ya hapo yalipotea.

Basi, enyi watunza daftari, kila muhula rudisheni nakala moja katika kompyuta nyingine, mhesabu majina. Yakitimia, ndipo mseme akiba haiozi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne