Kumuuguza Nyumbani Mwenye Kisukari na Kifua Kikuu

Maradhi haya mawili aghalabu huandamana, kwani mwenye kisukari yumo katika hatari ya kupatwa na kifua kikuu mara mbili hadi tatu kuliko asiyekuwa nacho, kwa kuwa sukari ikizidi katika damu kinga ya mwili hudhoofika, na kifua kikuu nacho, kwa homa zake, huipandisha sukari. Basi anayemuuguza mwele wa namna hii hana budi kutambua kwamba linalofaa kwa maradhi ya kwanza huenda likayadhuru ya pili.

Linalotatiza nyumba nyingi ni chakula. Jamaa wakimwona mgonjwa amekonda humletea, kwa mapenzi, uji wenye sukari tele na soda, ilhali wengine, kwa kukiogopa kisukari, humnyima hata wali. Na pande zote mbili humwumiza. Mwili uliodhoofishwa na kifua kikuu wahitaji chakula cha kuujenga, yaani samaki, mayai, kunde na maharage, pamoja na mchicha au kisamvu kwa wingi, na ugali au wali wa kadiri ya ngumi yake. Uji wa ulezi apewe, lakini utiwe maziwa badala ya sukari.

Dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa kwa miezi 6, dawa nne katika miezi 2 ya mwanzo na mbili katika 4 iliyobaki, wala hazikatizwi kwa sababu kikohozi kimetulia. Rifampisini, ambayo huufanya mkojo uwe rangi ya chungwa bila ya madhara, hupunguza nguvu za baadhi ya vidonge vya kisukari. Kwa hiyo sukari ikipanda, msimtuhumu mgonjwa kuwa anakula kwa siri, bali chukueni dawa zake zote mkamwoneshe tabibu. Isoniazidi nayo huweza kutia ganzi miguuni, mahali ambapo kisukari pia hutia ganzi, na ndiyo maana hupewa pamoja na vitamini B6. Mtazameni nyayo na baina ya vidole kila siku, na maji ya kumwoshea yajaribiwe kwanza kwa kiwiko cha mwuguzaji.

Nalisisitiza hasa jambo la jasho la usiku. Kifua kikuu hutoa jasho, na sukari ikishuka mno hutoa jasho vilevile, basi watu hulibadilisha shuka na kurudi kulala. Mwamsheni! Akiwa anatetemeka, ngozi ni baridi, au maneno yake hayaeleweki, mpimeni. Kipimo kikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, au ikiwa hamna kipimo, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu gilasi ya maji, mngoje dakika 15, mpime tena kama kipimo kipo, na akitengenea ale kitu. Aliyezimia asitiwe chochote kinywani. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali mara moja. Kadhalika apelekwe upesi anayetapika na kuhema kwa nguvu huku sukari ikiwa juu, wala sindano ya insulini isiachwe kwa kuwa hajala, bali tabibu ndiye aseme kipimo chake.

Na ili wengine nyumbani wasiambukizwe kifua kikuu, madirisha yaachwe wazi, mgonjwa akohoe ndani ya kitambaa, na watoto wa chini ya miaka 5 walio nyumbani wapelekwe zahanati kuchunguzwa hata kama hawakohoi.