SOMO: Kuchagua Baiskeli ya Mtumba kwa Safari Ndefu

Mhudumu anayetembelea wagonjwa vijiji vya mbali hahitaji baiskeli inayong'aa, bali itakayomfikisha na kumrudisha. Kabla kamati haijatoa fedha, tunashauri ikague yafuatayo:

1. Fremu. Ikinasa sumaku ni ya chuma, na fundi wa kijijini anaweza kuichomelea. Ikiwa na ufa kwenye maungio, msiinunue.

2. Magurudumu. Zungusheni kila gurudumu. Lisiyumbe, wala spoku zisilegee. Kisha someni namba ubavuni mwa tairi. Tairi la 622 na la 635 yote huitwa ya inchi 28, lakini hayaingiliani. Hakikisheni duka la karibu lina saizi yenu.

3. Mnyororo. Pimeni kwa rula: kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 ni inchi 12. Ukizidi kwa 1/8 ya inchi, umechakaa.

4. Majaribio. Fungeni mzigo kwenye keria, mhudumu mwenyewe aendeshe na kujaribu breki.

Kwa wafadhili wetu tunaomba: kila baiskeli iambatane na fedha za vipuri. Bila hizo italala stoo, na mgonjwa atasubiri bure.

Swali la kujadili: Baiskeli yetu ikiharibika njiani, nani ataitengeneza, na kwa vipuri vipi?